Vijana Watatu wa Mugello: Kwa Nini Ubingwa Peke Yake Haumfikishi Dereva Formula 1

Jumapili ya tarehe 13 Septemba 2020, kwenye uwanja wa Mugello nchini Italia, vijana watatu waliingia kwenye mbio za mwisho za msimu wa Formula 3, daraja lililo ngazi mbili chini ya Formula 1, wakiwa bado wanauwania ubingwa. Oscar Piastri wa Australia na Logan Sargeant wa Marekani, wote wawili wa timu ya Prema, walikuwa sare kwa pointi 160. Théo Pourchaire wa Ufaransa, mwenye miaka 17 tu, alikuwa nyuma yao kwa pointi tisa akiendeshea timu ya ART.

Mzunguko wa kwanza haukuisha kabla Sargeant hajagongana na Lirim Zendeli. Mbio zake zikaishia hapo. Piastri, aliyeanzia katikati ya msafara, akapenya gari moja baada ya jingine hadi nafasi ya saba na kuokota pointi nne. Pourchaire akamaliza wa tatu. Hesabu ya mwisho ikasomeka 164 kwa Piastri, 161 kwa Pourchaire na 160 kwa Sargeant. Msimu mzima ukaamuliwa kwa tofauti ya pointi nne kati ya wa kwanza na wa tatu.

Mtu akitazama jedwali hilo atadhani safari iliyobaki ni rahisi kuitabiri: wa kwanza atatangulia Formula 1, wa pili atafuata, wa tatu atasubiri. Haikuwa hivyo. Piastri alitwaa na ubingwa wa Formula 2 mwaka uliofuata, kisha akakaa msimu mzima wa 2022 bila kushindana. Sargeant, aliyekosa fedha za kupanda daraja na kulazimika kurudia Formula 3, aliingia Formula 1 siku ileile aliyoingia Piastri, kwenye mbio za Bahrain mwaka 2023. Pourchaire, ambaye naye baadaye alikuwa bingwa wa Formula 2, hajawahi kuanza hata mbio moja za Formula 1.

Nimewachukua hawa watatu kwa sababu mashabiki wengi wa langalanga huanza kumfahamu dereva siku anapotokea kwenye runinga akiwa na kofia ya Ferrari au McLaren, na hapo hukumu hutolewa haraka: huyu kabebwa na baba, yule ni kipaji. Ukweli una mafundo zaidi. Kijana hupanda kwa vitu vitatu tofauti: fedha za kushindana, pointi za leseni, na kiti kilicho wazi. Kila kimoja kina kanuni zake, na kupata kimoja hakukupi kingine.

Safari huanza kwenye karti, vile vigari vidogo visivyo na paa wala springi, ambavyo dereva hukaa sentimita chache tu juu ya lami. Watoto wengi waliofika juu walianza wakiwa na miaka kati ya sita na minane. Kigari hicho hakina chochote cha kupunguza mtikisiko, hivyo mwili mzima hujifunza: mbavu zinajua tairi la nyuma limeanza kuteleza kabla macho hayajaona. Ndiyo maana Formula 1 nzima, kuanzia Lewis Hamilton hadi Max Verstappen, imetokea huko. Kitovu chake ni kaskazini mwa Italia, maeneo ya Lonato karibu na ziwa Garda, ambako viwanda vya karti, mafundi na viwanja viko jirani. Sargeant alikuwa bingwa wa dunia wa karti kwa vijana mwaka 2015. Piastri alitoka Melbourne, alianza na magari ya kuchezea ya rimoti, na kufikia umri wa miaka 14 familia yake ilishaona kwamba akibaki nyumbani hatafika mbali. Akahamia Uingereza. Baba yake alikaa naye miezi michache ya mwanzo, kisha kijana akabaki shule ya bweni, upande wa pili wa dunia.

Huu uhamisho ni gharama ambayo haimo kwenye bajeti ya timu yoyote, na watoto wa nje ya Ulaya wote huilipa. Mtoto wa Milano hurudi kula chakula cha jioni kwa mama yake baada ya mazoezi. Mtoto wa Melbourne, São Paulo au Nairobi anaondoka nyumbani kabla sauti haijavunjika.

Kuanzia miaka 15 kijana anaruhusiwa kuendesha Formula 4. Daraja hili lilianzishwa na shirikisho la kimataifa la magari, FIA, likaanza Italia mwaka 2014 ili kuziba pengo kati ya karti na magari makubwa. Hapa ndipo kijana anakutana na gari la kiti kimoja lenyewe: matairi yaliyo nje ya bodi, mabawa mbele na nyuma, injini ya nguvu za farasi kati ya 160 na 180. Piastri aliendesha Formula 4 ya Uingereza mwaka 2017, akamaliza wa pili. Kisha akaingia Formula Renault Eurocup, daraja la kati barani Ulaya. Mwaka wa kwanza, 2018, alikuwa wa nane. Wengi huisahau hiyo nafasi ya nane wanapomsimulia kama kijana ambaye hakuwahi kushindwa. Alirudia daraja hilohilo mwaka 2019 na timu nyingine, R-ace GP, akawa bingwa.

Kurudia mwaka kunahitaji mtu wa kuulipia, na hapo ndipo fedha inapoanza kusema.

Katika madaraja haya dereva halipwi. Yeye ndiye anayeilipa timu. Anachonunua ni gari, mhandisi, mafundi, matairi, usafiri na siku za majaribio. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba msimu wa karti wa kiwango cha juu Ulaya hugharimu zaidi ya euro 100,000. Formula 4 mamia ya maelfu. Formula 3 zaidi ya milioni moja. Na Formula 2 kati ya milioni mbili na tatu. Zidisha kwa miaka saba au minane. Esteban Ocon, mtoto wa fundi wa magari, amesimulia mara nyingi jinsi wazazi wake walivyouza nyumba wakaishi kwenye karavani wakizunguka naye viwanjani. Anthony Hamilton alifanya kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili Lewis aendelee na karti, mpaka McLaren walipomchukua kijana huyo mwaka 1998 akiwa na miaka 13.

Kuchukuliwa na timu ya Formula 1 utotoni ndiko wanakokuita kuingia akademi. Red Bull, Ferrari, Mercedes, Alpine, Williams na McLaren zote zina vijana wao. Akademi hulipa sehemu ya gharama, wakati mwingine zote, humpa kijana mazoezi kwenye mashine za kuigiza uendeshaji, na humweka karibu na wahandisi wakubwa. Kwa malipo hayo hupata haki ya kumtumia baadaye. Piastri aliingia akademi ya Renault, ambayo baadaye ilibadilika jina kuwa ya Alpine, mwanzoni mwa 2020 baada ya ubingwa wake wa Eurocup. Sargeant wakati huo hakuwa na akademi. Ndiyo sababu baada ya Mugello, akiwa amekosa ubingwa kwa pointi nne tu, bajeti ya Formula 2 haikupatikana, na mwaka 2021 akarudi Formula 3 na timu ndogo ya Charouz. Pourchaire, aliyekuwa chini ya Sauber, alipanda moja kwa moja.

Sasa tuseme kuhusu magari yenyewe, maana hapa pana utata unaowachanganya hata watazamaji wa siku nyingi. Kwenye Formula 1 kila timu huunda gari lake. Kwenye Formula 3 na Formula 2 magari yote hutoka kiwanda kimoja, Dallara cha Italia, injini zote hutoka Mecachrome, na matairi yote ni ya Pirelli. Formula 3 ina nguvu za farasi zipatazo 380. Formula 2 ina 620 na turbo, na usukani wake hauna msaada wowote wa kuupunguzia uzito, hivyo mabega na mikono ya dereva ndivyo vinavyoligeuza gari kwenye kona za kasi. Shabaha ya kufanya magari yafanane ni kumpima dereva badala ya pochi yake.

Shabaha hiyo inafikiwa nusu. Timu tajiri inayovuta madereva bora ina wahandisi bora, ina data za misimu mingi, na inajua mapema kwa milimita ngapi bawa likae kwenye uwanja upi. Prema ya Italia imejenga jina lake hivyo. Mwaka ule wa 2020 Piastri na Sargeant walikuwa kwenye timu hiyohiyo pamoja na Frederik Vesti, na wote watatu walimaliza ndani ya nafasi nne za juu. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kijana ni hodari asianze na msimamo wa jumla. Aanze na mwenzake wa timu: gari la aina ileile, timu ileile, data zilezile. Tofauti ya sehemu ya kumi ya sekunde hapo ina uzito kuliko nafasi tano kwenye jedwali.

Kazi yenyewe haina huruma. Chukua kipindi cha kusaka nafasi ya kuanzia kwenye Formula 3. Kuna magari 30 na nusu saa tu. Tairi jipya huwa bora kwa mzunguko mmoja, pengine miwili, halafu joto linaliharibu. Kila dereva anataka kuwa nyuma ya mwenzake ili avutwe na upepo kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, lakini asiwe karibu mno asije akakosa hewa ya kukandamiza mabawa kwenye kona. Matokeo yake ni kwamba wote 30 wanatambaa mwishoni mwa mzunguko wa kupasha matairi moto, kila mmoja akimsubiri mwingine atangulie, huku saa inakimbia. Akitokea mmoja akateleza na bendera nyekundu ya kusimamisha kipindi ikapepea, wenzake waliokuwa kwenye mzunguko wao bora wamepoteza. Kijana aliyelipiwa zaidi ya euro milioni anaweza kuanza wa 24 kwa sababu ya mtu asiyemjua. Siku inayofuata, katika mbio fupi, wale 12 wa juu wanapangwa kinyumenyume, aliyeshika nafasi ya 12 akianza wa kwanza. Mpangilio huo unamlazimisha dereva ajifunze kupita wenzake, na unaifanya hesabu ya ubingwa kuwa ngumu hadi siku ya mwisho.

Hatari ipo pia, na haifai kuipitia kimyakimya. Anthoine Hubert, Mfaransa wa miaka 22 aliyekuwa bingwa wa GP3, daraja lililotangulia Formula 3 ya sasa, alifariki katika mbio za Formula 2 huko Spa, Ubelgiji, tarehe 31 Agosti 2019. Dilano van 't Hoff, Mholanzi wa miaka 18, alifariki kwenye uwanja huohuo Julai 2023 katika Formula Regional, daraja la kanda lililo kati ya Formula 4 na Formula 3. Wazazi wanaosimama ukutani wakitazama saa wanajua majina hayo.

Fedha ni lango la kwanza; lango la pili ni leseni. Mwaka 2015 Max Verstappen aliingia Formula 1 akiwa na miaka 17, baada ya msimu mmoja tu wa magari ya kiti kimoja. Alikuwa hodari, lakini FIA iliona mlango uko wazi mno. Kuanzia 2016 leseni kuu ya kuendesha Formula 1 ilitaka umri wa miaka 18, mazoezi ya kutosha ndani ya gari la Formula 1, mtihani wa kanuni, na juu ya yote pointi 40 zilizokusanywa ndani ya misimu mitatu. Watatu wa juu wa Formula 2 hupata zote 40 kwa mpigo. Bingwa wa Formula 3 hupata 30. Bingwa wa Formula 4 hupata 12. Mwaka 2024 kanuni ya umri ililegezwa kidogo, FIA ikajipa uwezo wa kumkubali kijana wa miaka 17 kwa hali ya pekee.

Mfumo huu ndio umeifanya njia ya Ulaya kuwa barabara kuu. Mwaka 2022 Colton Herta, mshindi wa mbio kadhaa za IndyCar huko Marekani, alitakiwa na kambi ya Red Bull, lakini pointi zake zilikuwa 32 na FIA haikumfungulia. Naamini hapo kanuni ilikosea, kwa sababu IndyCar ni ligi ya watu wazima yenye ushindani mkali, na nafasi zake zilithaminiwa chini ya stahili.

Sargeant naye alijua uzito wa hesabu hizo. Williams walikuwa wamemchukua kwenye akademi yao mwishoni mwa 2021 na kumpeleka Formula 2. Mwezi Oktoba 2022 wakatangaza kwamba kiti cha 2023 ni chake, iwapo tu atafikisha pointi 40 za leseni. Kanuni inaruhusu pointi moja kwa kila kipindi cha mazoezi ya Ijumaa ambacho kijana atakamilisha kilomita 100 kwenye gari la Formula 1, basi Williams wakampa vipindi hivyo. Alimaliza Formula 2 wa nne. Ikatosha.

Lango la tatu, kiti, ndilo linaloumiza zaidi kwa sababu dereva hana mkono ndani yake. Hadi 2025 Formula 1 ilikuwa na timu 10 na viti 20. Cadillac ya Marekani imeongeza viwili kuanzia 2026. Wakongwe hukaa miaka 15 na zaidi, hivyo kuna misimu ambayo kiti kinachofunguka kwa kijana ni kimoja au hakuna kabisa. Wakati huohuo Formula 2 inazalisha bingwa kila mwaka, na bingwa huyo haruhusiwi kurudi kutetea taji lake. Akishinda lazima aondoke, awe na pa kwenda au asiwe na pa kwenda.

Ndivyo ilivyomkuta Piastri. Mwaka 2021 alishinda mbio sita za Formula 2 na kutwaa ubingwa huko Abu Dhabi, taji la tatu kwa miaka mitatu mfululizo katika madaraja matatu tofauti. Alpine walikuwa na Fernando Alonso na Esteban Ocon, wote wenye mikataba. Kijana akawa dereva wa akiba: kusafiri na timu, kukaa kwenye vikao, kusikiliza redio za wenzake. Kisha tarehe 1 Agosti 2022 Alonso akatangaza kuhamia Aston Martin. Kesho yake Alpine wakatangaza Piastri atamrithi. Saa chache baadaye Piastri mwenyewe akaandika hadharani kwamba hajasaini nao na hataendesha gari lao mwaka unaofuata. Alikuwa tayari na mkataba wa McLaren, uliotiwa saini tarehe 4 Julai chini ya usimamizi wa Mark Webber, dereva mstaafu wa Australia. Bodi ya kutambua mikataba ya Formula 1 ikakaa, na tarehe 2 Septemba ikaamua kwamba mkataba pekee unaotambulika ni ule wa McLaren.

Wengi walimwona hana shukrani kwa waliomlipia. Mimi sioni hivyo. Akademi iliyomwacha bingwa wake bila mkataba unaobana hadi katikati ya mwaka haikuwa imemwekea kiti, na kijana aliyekwishakaa nje msimu mmoja hakuwa na sababu ya kukaa wa pili. Kiti alichokipata kilimtoa Daniel Ricciardo, Mwaustralia mwenzake. Mwaka 2024 akashinda mbio za Hungary, kisha za Baku, Azerbaijan.

Pourchaire hakuwa na bahati ya aina hiyo. Alikuwa wa pili Formula 2 mwaka 2022 nyuma ya Felipe Drugovich wa Brazili, akarudi 2023 na kutwaa ubingwa. Sauber walikuwa na Valtteri Bottas na Zhou Guanyu, na walipowaacha mwisho wa 2024 walimchagua mkongwe Nico Hülkenberg pamoja na Gabriel Bortoleto, bingwa mpya zaidi wa Formula 2. Pourchaire akaendesha mbio chache za IndyCar, kisha akageukia mbio za masafa marefu. Drugovich naye alibaki dereva wa akiba Aston Martin. Mabingwa wawili mfululizo, na hakuna aliyepata kiti. Andrea Kimi Antonelli, kwa upande mwingine, aliruka Formula 3 kabisa, akamaliza wa sita Formula 2 mwaka 2024, na Mercedes wakampa gari la Hamilton kwa sababu walikuwa wamemlea tangu karti na walikuwa na pengo.

Kwa wasichana malango yamekuwa mazito zaidi. Mwanamke wa mwisho kuanza mbio za Formula 1 ni Lella Lombardi wa Italia, mwaka 1976. F1 Academy, iliyoanza 2023 na kuongozwa na Susie Wolff, inatumia magari ya kiwango cha Formula 4 na hupunguza sana gharama ya dereva. Ni mwanzo mzuri, lakini baada yake bado kuna Formula 3 ya zaidi ya milioni moja, na huko ruzuku hiyo haifiki.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea njia nyingine. Safari Rally imetuonyesha kwamba dereva anaweza kukulia kwenye vumbi la nyumbani, akajulikana, kisha dunia ikamfuata Naivasha. Magari ya kiti kimoja hayana njia hiyo. Bingwa pekee wa dunia wa Formula 1 kutoka Afrika, Jody Scheckter wa Afrika Kusini, aliyeshinda 1979 akiwa Ferrari, naye ilimbidi aende Ulaya. Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayemwona mtoto wake ana mkono mwepesi kwenye karti anahitaji kujua mapema kwamba swali la kuhama litamfikia mtoto akiwa na miaka 12 hadi 14, na kwamba mdhamini wa kumtafuta ni wa kipindi hicho. Akichelewa hadi Formula 4, atamkuta mtoto wake akishindana na wenzake waliokwisha kuvijua viwanja vyote vya Italia.

Na kufika si kukaa. Sargeant alipata pointi moja katika msimu wake wa kwanza, na Agosti 2024 Williams wakampa gari lake Franco Colapinto katikati ya msimu. Jack Doohan, aliyepata kiti cha Alpine mwaka 2025, aliendesha mbio sita za mwanzo wa msimu kisha akarudishwa akiba. Aliyemrithi ni Colapinto huyohuyo.